UZI: Bill Belichick, kocha aliyeanza na dola 25 kwa wiki. Tuzungumze pesa zake kwa ushahidi

Kocha wa Jumamosi (mleta uzi)

Habari za jioni wanajamvi.

Wiki iliyopita mdau mmoja alituwekea orodha ya makocha matajiri duniani, na Bill Belichick wa mpira wa Kimarekani akaandikiwa utajiri wake kana kwamba kuna mtu kaingia benki akahesabu. Nilimuuliza namba kaitoa wapi, akasema kaikuta mtandaoni. Nikazunguka hizo tovuti usiku mzima. Kila moja ina namba yake, na sikuona hata moja inayoonyesha karatasi ya mkataba. Nikaahidi nitaleta uzi. Leo sina zamu kazini, nauleta.

Kwa wasionijua, naishi Durham, North Carolina, huu ni mwaka wa kumi na moja. Kutoka kwangu hadi Chapel Hill, anakofundisha Belichick sasa, ni kama nusu saa kwa gari. Jumamosi asubuhi nafundisha watoto wa jumuiya yetu mpira wa miguu, bila malipo, kwa hiyo habari za makocha kwangu ni habari za moyoni. Inaniuma kuona kazi ya mtu ya miaka hamsini inageuzwa namba moja ya kubuni.

Kwa wageni wa mchezo wenyewe, maelezo mafupi. Wachezaji ni 11 kwa 11. Timu yenye mpira ina nafasi nne za kusogea yadi 10. Ikishindwa, mpira unaenda kwa wapinzani. Kila nafasi inapangwa upya kabla ya mpira kuanza, mara nyingi ikiwa benchi la ufundi limeshachagua nani akimbilie wapi. Kwa hiyo kocha ana mkono wake karibu katika kila hatua. Ndiyo maana makocha wa huko wanalipwa vile, na wanafukuzwa vile.

Twende kwa baba yake, maana bila yule mzee hii habari haina mguu wa kusimamia.

Steve Belichick alikuwa mtoto wa wahamiaji kutoka Kroatia, akakulia Ohio, eneo la viwanda vya chuma. Mwaka 1941 alikuwa mtunza vifaa wa Detroit Lions. Nasema mtunza vifaa: jezi, viatu, mipira. Timu ikapungukiwa, wakamwingiza uwanjani, akacheza NFL, ligi kuu ya mchezo huu. Vita vikaja, akaenda jeshi la majini. Baadaye akawa kocha msaidizi wa vyuo, ikiwemo Chuo Kikuu cha North Carolina hapa hapa kwetu kuanzia 1953 hadi 1955, kisha mwaka 1956 akahamia chuo cha maofisa wa jeshi la majini kule Annapolis, Maryland. Alikaa huko miaka 33. Kazi yake kubwa ilikuwa kupeleleza wapinzani: anaenda kuangalia timu ambayo watacheza nayo wiki inayofuata, anarudi na daftari lililojaa.

Bill alizaliwa Aprili 1952, mtoto wa pekee. Akiwa mdogo wa shule ya msingi alikuwa anakaa na baba yake mbele ya projekta, wanarudisha filamu nyuma, wanaipeleka mbele, anaandika nani kasimama wapi. Wenzake wako nje wanacheza, yeye anajifunza kusoma mpira kama mtoto wa madrasa anavyojifunza herufi.

Alisoma uchumi chuo cha Wesleyan, akamaliza 1975. Ungedhani kijana mwenye shahada ya uchumi ataelekea benki. Alikwenda Baltimore Colts kwa kocha Ted Marchibroda, akapokelewa kwa dola 25 kwa wiki. Kazi yake ilikuwa kuchambua filamu za wapinzani na kumwendesha kocha mkuu kwenda kazini. Dola 25 za mwaka ule ni kama 145 za sasa. Mimi mwenyewe nilipofika Marekani nilipata zaidi ya hiyo kwa siku mbili za kuosha vyombo.

Hiyo ndiyo namba ya kwanza ya mshahara wake tunayoijua kwa uhakika. Ya pili ya uhakika imekuja karibu miaka hamsini baadaye. Hapo katikati kuna giza, na ndiyo sababu ya uzi huu. Naendelea, msinikatize sana.

---

Mlinda Mlango

Mkuu shukrani, ila kabla hujaendelea nifafanulie. Mishahara ya wachezaji wa NFL tunaiona hadi senti. Mchezaji Patrick Mahomes alisaini 2020, siku ile ile dunia nzima ikajua ni miaka 10 na dola milioni 450. Imekuwaje makocha wafichwe?

---

Kocha wa Jumamosi

Swali zuri ndugu yangu. Wachezaji wana chama cha wafanyakazi, na kuna kikomo cha mishahara kwa kila timu. Mwaka 2024 kilikuwa dola milioni 255.4. Kikomo kikishakuwepo, kila mkataba lazima uhesabiwe, na chama kinaziona hesabu. Kwa makocha hakuna kikomo. Mwenye timu akitaka kumlipa kocha milioni 5 au 25 ni mfuko wake, na si lazima amwambie mtu.

Makocha hawana hata chama cha wafanyakazi chenye nguvu hiyo. Kuna umoja wa hiari tu. Belichick hata huo hakujiunga, na matokeo yake mnayajua mliokua na Madden, gemu ya mpira huu: karibu makocha wengine wote walikuwa na majina, ila yeye wa New England Patriots, timu aliyoifundisha miaka 24, aliandikwa jina la kubuni tu. Umoja ule ndio unaouza haki za majina ya makocha kwa watengenezaji. Aliyebaki nje, na mgao amebaki nao nje.

New England Patriots hawakuwahi kutangaza walikuwa wanamlipa kiasi gani. Miaka ya mwisho vyombo vya habari vya Marekani vilikuwa vinataja milioni 20 kwa mwaka na zaidi. Inawezekana ni kweli. Lakini mtu anayechukua hiyo "inawezekana", akaizidisha kwa miaka 24, akatoa kodi kwa kukadiria, akaongeza nyumba, kisha akatuletea jibu kama matokeo ya mtihani, huyo hatutendei haki.

Turudi kwenye njia yake. Baltimore mwaka mmoja. Detroit mwaka 1976 na 1977. Timu ile ni ya familia ya Ford, akapewa na gari la Thunderbird la kutembelea. Denver 1978. Kisha New York Giants mwaka 1979, na hapo ndipo alipopikwa. Alikaa miaka 12, akapanda hadi kuwa mkuu wa ulinzi chini ya kocha mkuu Bill Parcells. Mchezaji wake mkubwa pale alikuwa Lawrence Taylor, ambaye alisoma North Carolina. Mlishike hilo jina.

Walichukua Super Bowl mbili, yaani fainali ya ubingwa wa NFL. Ile ya Januari 1991 dhidi ya Buffalo Bills ndiyo iliyomtangaza. Buffalo walikuwa na mashambulizi ya kasi, hawapumziki. Belichick akawaambia vijana wake wawaachie Buffalo wakimbie na mpira, wazuie pasi. Hebu fikiria kumwambia beki mwenye hasira amwache mpinzani apate yadi. Walishinda 20 kwa 19, na daftari la mpango wa siku ile limehifadhiwa kwenye jumba la mashujaa wa mchezo huo, Canton, Ohio.

Siku chache baadaye akawa kocha mkuu wa Cleveland Browns. Ana miaka 38. Miaka mitano, kashinda 36 kapoteza 44. Alimwacha Bernie Kosar, kipenzi cha mji, mashabiki wakamchukia hadi mwisho. Mwaka 1995 mwenye timu akatangaza katikati ya msimu kwamba anaihamishia Baltimore, na Februari 1996 Belichick akafungashiwa virago. Wengi walimwandika kuwa ni msaidizi mzuri asiyeweza kuwa kiongozi. Niliposoma magazeti ya wakati ule niliona jinsi binadamu tunavyofunga faili la mtu mapema.

---

Binti Mshambara

Shikamoo kaka, nimesoma neno kwa neno. Mimi mchezo huu siujui, niliingia kwa sababu ya mume wangu, sasa nimebaki mwenyewe. Ile habari ya kujiuzulu kwa kikaratasi ni kweli au ni hadithi za vijiweni?

---

Kocha wa Jumamosi

Marahaba dada, karibu sana. Ni kweli kabisa.

Baada ya Cleveland alirudi kwa Parcells, mwaka mmoja Patriots, kisha New York Jets. Mkataba ulisema Parcells akiondoka, Belichick anarithi kiti. Januari 2000 Parcells akaondoka. Siku iliyofuata Belichick akaitwa kutambulishwa kwa waandishi. Kabla ya kuingia akaandika kwenye karatasi kwamba anajiuzulu ukocha mkuu wa Jets, kisha akasimama mbele ya waandishi akaeleza sababu zake. Alikuwa kocha mkuu kwa siku moja.

Robert Kraft, mwenye timu ya Patriots, ndiye aliyekuwa anamtaka. Jets wakasema huyu ana mkataba na sisi, lipeni. Sasa hapa muone jinsi kocha anavyopewa thamani kule. Timu za NFL huchagua vijana kutoka vyuoni kwa zamu, na zamu ya mzunguko wa kwanza ni mali kubwa kuliko fedha taslimu. Kraft akaitoa zamu yake ya kwanza ya mwaka 2000 kumpata kocha aliyefeli Cleveland. Miaka miwili baadaye Tampa Bay waliwapa Oakland zamu mbili za mzunguko wa kwanza, mbili za mzunguko wa pili na dola milioni 8 ili kumpata kocha Jon Gruden. Wakachukua Super Bowl msimu wake wa kwanza, tena kwa kuwafunga Oakland wenyewe 48 kwa 21.

Kwenye uchaguzi wa mwaka ule wa 2000, Belichick akamchukua kwotabeki kijana, yaani mrusha pasi anayeongoza mashambulizi, wa chuo cha Michigan, akiwa wa 199 kuchaguliwa. Tom Brady.

---

Mzee wa Takwimu

Mleta uzi naheshimu kazi yako, lakini hapo kwa Brady ndipo hoja yote ya utajiri inapoanguka. Bila Brady huyu ni kocha wa kawaida. Cleveland 36 kwa 44. Brady alipoondoka, 2020 hadi 2023, kashinda 29 kapoteza 38. Brady kaenda Tampa kachukua Super Bowl msimu wa kwanza. Mamilioni ya kocha ni jasho la Brady.

---

Kocha wa Jumamosi

Namba zako ni sahihi mzee wangu, sizipingi, na wewe nakuheshimu tangu uzi ule wa NBA. Lakini naomba nikuonyeshe mahali ambapo namba hazifiki.

Machi 2001 Patriots walimpa Drew Bledsoe mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya dola milioni 103. Bledsoe alikuwa kwotabeki wao, uso wa timu, na Kraft alimpenda kama mwanawe. Septemba akaumizwa vibaya na Mo Lewis wa Jets. Brady akaingia. Bledsoe akapona, akaja kusimama mlangoni na milioni 103 zake. Kocha gani aliyewahi kufukuzwa kazi, asiye na taji lolote kama kocha mkuu, angemwacha huyo benchi na kumchezesha kijana wa zamu ya 199? Angekosea, nadhani tusingelisikia jina lake tena. Alimwacha Brady, na Februari 2002 wakawafunga St. Louis Rams 20 kwa 17.

Na mwaka 2008 Brady aliumia goti mechi ya kwanza. Belichick akamaliza msimu na Matt Cassel, mtu ambaye hata chuoni hakuwa anaanza. Walishinda 11, wakapoteza 5.

Lakini tukio ambalo mimi kama kocha nalirudia kila mwaka ni la Februari 2015, Super Bowl dhidi ya Seattle. Patriots wanaongoza 28 kwa 24. Seattle wako yadi moja tu kutoka kwenye mstari, dakika ya mwisho inayoyoma, na wana Marshawn Lynch, mtu wa kubomoa ukuta. Kila mtu uwanjani anangoja Belichick asimamishe saa, ili wakifungwa Brady abaki na muda wa kujibu. Hasimamishi. Anatazama ng'ambo kwa wapinzani, anaona wamechanganyikiwa, anaiacha saa itembee na kuingiza mabeki watatu wa pembeni. Mmoja ni Malcolm Butler, kijana ambaye hakuna timu iliyomchagua kwenye mizunguko yote saba. Mazoezini alikuwa ameshapigwa na mchezo ule ule. Safari hii akautambua, akauwahi mpira, akaukamata. Mchezo ukaishia hapo.

Brady hakuwa uwanjani. Alikuwa benchi, anaangalia kama mimi na wewe.

Yote kwa yote, kama kocha mkuu ana Super Bowl sita, hakuna aliyemfikia. Ushindi 333 ukijumlisha mtoano, nyuma ya Don Shula peke yake mwenye 347.

---

Mwanahabari wa Nakuru

Ndugu mleta uzi, usiruke lile la kamera. Tusimfanye malaika.

---

Kocha wa Jumamosi

Siruki. Septemba 2007 Patriots walikamatwa wakirekodi ishara za mikono za benchi la Jets kutoka mahali pasiporuhusiwa. NFL ikampiga Belichick faini ya dola 500,000, kubwa kuliko faini yoyote aliyowahi kutozwa kocha, timu ikatozwa 250,000 na kunyang'anywa zamu ya mzunguko wa kwanza. Mimi sioni cha kumtetea hapo. Alizijua kanuni, na waraka wa kukataza ulikuwa umetumwa kwa timu zote. Watoto wangu wa Jumamosi wakiniuliza nawaambia alikosea, basi.

---

Mhasibu wa Kata

Wakuu naomba niongeze upande wa vitabu, maana hii ndiyo kazi yangu.

Mkataba wa kocha wa NFL kwa kawaida ni wa uhakika. Ukifukuzwa, unaendelea kulipwa hadi muda uishe, na ukipata kazi nyingine mara nyingi kile unacholipwa kule kinapunguzwa kwenye deni. Wachezaji wengi hawana hiyo. Mchezaji anaweza kusaini namba kubwa gazetini, akakatwa mwaka wa pili, na asione sehemu kubwa ya fedha.

Matt Rhule ni mfano mzuri. Carolina Panthers walimsaini 2020 kwa miaka 7. Wakamfukuza Oktoba 2022, hata miaka mitatu haijatimia. Akachukuliwa na chuo cha Nebraska kwa miaka 8, dola milioni 74. Kwa upande mwingine Jon Gruden, aliyetajwa juu, Oakland Raiders walimrudisha 2018 kwa mkataba ulioripotiwa kuwa miaka 10 na milioni 100. Oktoba 2021 akajiuzulu baada ya barua pepe zake za zamani kuvuja. Anayejiuzulu hana ule ulinzi wa anayefukuzwa.

Halafu kodi. Serikali kuu ya Marekani inachukua asilimia 37 kwenye daraja la juu. Massachusetts, walipo Patriots, ni asilimia 5, na tangu 2023 wameongeza 4 kwa kipato kinachozidi dola milioni moja. North Carolina mwaka 2025 ilikuwa 4.25 kwa wote. Kwa mtu wa milioni 10, kuhama tu jimbo kunamwachia zaidi ya dola 400,000 kwa mwaka. Hizo tovuti za utajiri sidhani kama zina habari na hili.

---

Kocha wa Jumamosi

Mhasibu, Mungu akubariki. Hiyo ya kodi sikuwa nimeipigia hesabu.

Sasa namba ya pili ya uhakika. Januari 2024, baada ya msimu wa ushindi 4 na vipigo 13, Patriots na Belichick wakaachana. Akafanya usaili Atlanta, wakamchagua Raheem Morris. Mwaka mzima akawa mchambuzi wa televisheni. Mtu mwenye Super Bowl sita, kati ya timu 32 hakuna iliyompa kazi. Nilijisikia vibaya kwa ajili yake, nasema kweli.

Desemba 2024 akatangazwa kocha mkuu wa Chuo Kikuu cha North Carolina hapa. Ana miaka 72, hajawahi kufundisha chuo hata siku moja. Na kwa kuwa chuo hiki ni cha umma, mkataba wake ni hati ya umma. Kwa mara ya kwanza tangu zile dola 25, kila mtu anaweza kuisoma karatasi: miaka mitano, dola milioni 10 kwa mwaka, mitatu ya kwanza ina uhakika wa malipo. Milioni 1 ni mshahara wa msingi, 9 ni nyongeza. Bonasi zinaweza kufika milioni 3.5 kwa mwaka. Kuna na fungu la milioni 10 la kuwalipa makocha wasaidizi. Na kifungu kilichozua maneno mengi: akitaka kuondoka kabla ya Juni 1, 2025 analipa chuo milioni 10. Baada ya tarehe hiyo, milioni 1 tu.

Gawanya milioni 10 kwa wiki 52. Ni dola 192,307 kwa wiki. Alianza na 25.

---

Mwanahabari wa Nakuru

Hapo sasa ndipo mimi napata shida, na naongea kama mwana wa mwalimu. Chuo cha umma, chenye maprofesa na wauguzi, kinamlipa mzee wa miaka 72 milioni 10 kwa ajili ya mpira. Nimesoma kwamba katika majimbo mengi ya Marekani mtumishi wa umma anayelipwa kuliko wote ni kocha wa mpira. Si gavana, si daktari. Mnaliona hili ni sawa?

---

Kocha wa Jumamosi

Ndugu, hilo linanisumbua na mimi, wala sitaki kulipamba. Utetezi wa chuo ni kwamba idara ya michezo inajiendesha kwa fedha za televisheni, tiketi na wafadhili, si za ada. Lakini nina jirani anayefanya usafi kwenye majengo yale, na mshahara wake naujua. Akinisikia nikisifia milioni 10, ananitazama tu.

Na matokeo, kusema kweli, yalikuwa mabaya. Septemba 1, 2025, mechi ya kwanza, uwanja wa Kenan ulijaa. Michael Jordan alikuwepo. Lawrence Taylor alikuwepo, yule niliyesema mlishike jina lake, kaja kumwona kocha wake wa zamani kwenye chuo chake. Mimi nilikuwa zamu, naangalia kwenye simu wakati wa mapumziko. North Carolina wakafunga kwenye mashambulizi ya kwanza, nikapiga kelele hadi msimamizi akageuka. Kisha wapinzani wao, chuo cha TCU, wakawashindilia, ikaisha 48 kwa 14. Kipindi cha pili viti vilikuwa vinaonekana rangi yake. Msimu ukafungwa kwa ushindi 4 na vipigo 8.

---

Mzee wa Takwimu

Nimesoma hoja ya Bledsoe mara mbili. Nakubali kwamba uamuzi ule ulikuwa wa kocha. Kwa Brady bado tunatofautiana, lakini nakupa heshima yako.

Niulize la mwisho. Sasa ana nini hasa, kinachoonekana?

---

Kocha wa Jumamosi

Asante mzee wangu, hilo kwangu ni kubwa.

Kinachoonekana ni kidogo. Ana makazi kisiwa cha Nantucket, Massachusetts, kisiwa ambacho ardhi yake ni ghali kupita maelezo. Ana boti, na jina lake linabadilika kila anapopata pete nyingine ya ubingwa. Sasa inaitwa VIII Rings, yaani anahesabu sita za Patriots na mbili za Giants alipokuwa msaidizi. Nilipenda sana kwamba zile za usaidizi hakuzitupa. Amefanya matangazo ya biashara, na ana taasisi yake inayosaidia vijana kwenye mpira na lakrosi, mchezo wa mpira unaochezwa kwa fimbo zenye wavu. Zaidi ya hapo, atakayekuletea namba kamili muombe karatasi.

---

Binti Mshambara

Kaka samahani, nina swali dogo tu. Yule baba, mtunza vifaa, aliwahi kuyaona haya mafanikio? Au alikufa kabla?

---

Kocha wa Jumamosi

Aliyaona dada.

Siku Bill anatambulishwa hapa Chapel Hill, Desemba 2024, alitoa sweta kuukuu la North Carolina mbele ya waandishi. Lilikuwa la baba yake, la miaka ile ya hamsini. Kwenye familia yao wanasimulia kwamba maneno ya kwanza Bill kuyatamka akiwa mtoto yalikuwa "wafungeni Duke", maana Duke ndio watani wa hapa.

Na Februari 2005, Super Bowl ya tatu, Jacksonville. Patriots wamewafunga Philadelphia 24 kwa 21. Mzee Steve ana miaka 86, kasimama pembeni mwa uwanja bega kwa bega na mwanawe. Wachezaji wakaja kwa nyuma na lile pipa la kinywaji wanalomwagia kocha aliyeshinda, wakawamwagia wote wawili. Picha ipo. Mzee kalowa chapachapa, Bill kamkumbatia.

Novemba mwaka huo huo, Jumamosi, mzee aliangalia timu yake ya jeshi la majini ikishinda, na usiku akafariki. Jumapili Bill alikuwa na mechi dhidi ya New Orleans. Alikwenda kazini, wakashinda 24 kwa 17, ndipo wachezaji wakaambiwa.